Ng'ombe wa Ukutani

Watu wakisikia kwamba nilizaliwa kwenye msonge wa nyasi na kulala juu ya ngozi, hunionea huruma. Wakisikia kwamba niliwahi kukaa kwenye nyumba ya bati pale Bugene, miaka ile ambayo bati lilikuwa la kuhesabika, hunipongeza. Wameyageuza mambo kichwa chini miguu juu. Huko kwetu, kwenye mbuga zinazoteremkia mto Kagera, sikuwahi hata siku moja kuona ukuta ukitoka machozi. Ukuta unaolia niliuona chini ya bati.

Tulihamia Bugene kwa sababu ya mguu wa baba. Kidonda kilimtoka juu kidogo ya kifundo, mwiba tu, akakidharau. Alitembea nacho nyuma ya ng'ombe kwenye umande na matope mpaka kikala nyama na kuanza kunuka. Katekista wetu ndiye aliyemwambia bila kumbembeleza: nenda Bugene, kuna dresa wa vidonda, ukae huko ufungwe dawa kila asubuhi, la sivyo tutakuzika. Kutoka kwetu mpaka huko ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye miguu yote miwili, kwa hiyo ilibidi tupange nyumba. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kupanga nyumba. Baba alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja togwa iliyochacha.

Mwenye nyumba alitoka upande wa Bukoba, mfanyabiashara mwenye duka la chumvi na vitambaa, na shamba kubwa la migomba nyuma ya duka. Alikuwa ameijenga nyumba ile akitegemea makarani; makarani waliiangalia wakaenda zao. Sisi tulifika na ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, na kodi yetu ikawa samadi. Kila kilichoanguka kutoka kwa ng'ombe yule kilikuwa mali ya migomba yake, pamoja na kibuyu kidogo cha samli kila mwezi. Sharti lilikuwa moja, nalo alilirudia mara tatu huku akipiga ukuta kwa kiganja: ndani humu hakuna kuwasha moto. Kuta alikuwa amezipaka chokaa nyeupe mwenyewe, na aliziangalia kwa jicho ambalo baba aliwaangalia nalo ndama wapya. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha nyasi.

Niseme ukweli, siku ile ya kwanza nilijiona malkia. Nilizunguka chumba nikigusa weupe ule mpaka mama akanipiga kibao cha mkono. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, sijui vizuri, hakuna aliyeandika.

Lakini nyumba ilikuwa imechimbwa kwenye mteremko. Ukuta wa nyuma uliegemea udongo mpaka usawa wa kifua changu, na juu ya udongo ule ndiko mwenye nyumba alikotuamuru tulundike samadi yake. Na mama naye akaongeza la kwake. Kulikuwa na madirisha mawili ya mbao, na njia ya kwenda dukani ilipita hapohapo chini ya madirisha. Kwetu maziwa hayanywewi mbele ya macho ya wapita njia. Jicho la mtu usiyemjua likiingia kwenye chombo, ng'ombe hukauka. Hivyo ndivyo tulivyoamini, pamoja na Ukristo wetu. Mama aliyafunga madirisha siku hiyohiyo na kuyabana kwa vijiti, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kuweka mambo sawa.

Mvua zikaanza. Ninapokumbuka miezi ile, naikumbuka kama kitu nilichokiota nikiwa na homa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka vilimani na kusimama mlangoni, ukiufungua tu unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Migomba ilidondosha maji hata mvua ikiwa imekatika. Juu ya bati mvua ilipiga kelele hivi kwamba tuliongea kwa midomo tu, bila sauti, na nilizoea kumwona mama akisema mambo nisiyoyasikia. Ndani mlikuwa na mwanga wa kijivu, wa chini ya maji. Na harufu. Ilianza kidogo, harufu ya mtungi uliosahauliwa, kisha ikawa ndiyo hewa yenyewe.

Kuvu lilianza kwenye ngozi tulizolalia, la kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Lilipanda kwenye kamba za kitanda cha baba, likaingia kwenye blanketi. Likapanda ukutani. Chokaa ya mwenye nyumba ilitoka madoa, kwanza kama mtu amerusha masizi kwa ncha za vidole, baadaye makubwa, meusi, mengine yana ukingo wa kahawia.

Baba alilala akiuelekea ukuta ule. Siku moja nilimsikia anacheka peke yake.

"Njoo uone," akaniambia. "Yule pale wa madoa. Ana pembe za kupinda. Na mama yake yuko nyuma."

Nikaangalia, jamani, na kweli nilimwona. Ng'ombe mweusi mwenye nundu, shingo ameinamisha, anakula majani. Tangu siku hiyo tulichunga pamoja. Kila asubuhi tulihesabu waliozaliwa usiku. Baba aliwapa majina ya rangi zao, majina mazuri ambayo sijui kama yana maneno ya Kiswahili, na aliwaimbia kwa sauti ya chini ule mluzi-na-neno wa kuwaita ng'ombe kwenye maji. Kundi liliongezeka. Lilitoka kona ya nyuma likaja hadi juu ya kichwa chake. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Sikuwahi kuwa na baba kwa siku nzima, alikuwa mtu wa mbugani. Mama hakufurahi. Alisimama mlangoni na kibuyu mkononi akituangalia, na uso wake ulinifanya ninyamaze.

Maana baba alikuwa hali chakula. Ndizi hakuzitaka, alisema ni chakula cha watu wa jembe na yeye hajavunjika kiasi hicho. Alitaka maziwa, na maziwa yalikuwa yanamkataa. Mama alivifukiza vyanzi, vyombo vyetu vya mti vya maziwa, kama alivyofundishwa na mama yake: unawasha majani ya kunukia ndani ya kijungu chenye shingo, unafunika chombo kinywa chini, moshi unaingia mpaka mti unakunywa. Alifanya hivyo kwenye kibanda cha nje kila siku. Lakini chombo kikilala ndani ya nyumba ile, asubuhi kimeota ndevu, na maziwa yanatoka na ladha ya udongo. Baba alionja, akarudisha kifuniko taratibu.

"Si kosa la ng'ombe," alisema, akageukia ukuta.

Sasa niseme jambo ambalo lilinilalia kifuani miezi ile yote. Dresa alikuwa mtu wa kutoka upande wa Mwanza, mpole, mwenye mikono mikubwa. Lugha yetu hakuijua hata ya salamu. Baba na mama walikuwa Wanyambo wa ndani, Kiswahili kwao kilikuwa kitu cha barazani. Mimi nilikuwa nimekipata kwenye darasa la dini, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Asubuhi moja, mvua zikiwa katikati, dresa alifungua kitambaa, akaangalia, akaniita karibu.

"Mwambie baba yako hivi," alisema. "Nyama haioti. Hali chakula, na analala penye unyevu, nauona hata kwenye blanketi lake. Mvua zikiisha kidonda hiki hakijafunga, nampeleka Bukoba mguu ukakatwe. Mwambie."

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi, ananiangalia. Mchungaji wa ng'ombe akatwe mguu! Ni nani ambaye angelisema hilo kwa baba yake?

"Anasema mguu utachelewa kidogo," nilimwambia. "Anasema ule na ulale pakavu."

Alinishika bega ili ainuke. "Umesema vizuri, mwanangu," alisema, tukarudi nyumbani polepole kwenye matope.

Mama nilimwambia yote, kule kisimani, nikilia. Aliweka mtungi chini, akakaa kwenye matope hayohayo na nguo yake safi. Kisha akanikataza: "Usimwambie. Akijua atatoroka leo hii na fimbo yake, atafia njiani." Tukawa wawili wa kubeba neno lile.

Basi mama akaingia vitani na nyumba. Alimwaga majivu sakafuni, yakanywa maji yakawa uji. Alizianika ngozi juani kila jua lilipochungulia, na kuzirudisha mbio lilipojificha. Alisugua ukuta kwa kitambaa na maji ya moto, akawafuta ng'ombe wetu, baba akahuzunika kama amefiwa. Baada ya siku nne walirudi, wengi kuliko kwanza. Aliingiza mawe ya moto ndani ya vigae, yakapoa yakaacha mvuke. Alienda dukani kumwomba mwenye nyumba ahamishe samadi kutoka nyuma ya ukuta. Yule bwana akacheka mpaka akashika kaunta.

"Samadi ndiyo kodi yangu. Niihamishie wapi, kitandani?" alimwambia kwa Kihaya, ambacho tulikielewa vizuri kuliko tulivyopenda. "Nyie watu wa ng'ombe mmezoea moshi. Nyumba ya bati inataka kuzoewa, mama."

Na juu ya hayo, baba akatangaza kwamba mwezi ukiandama tunarudi kwetu. "Nataka kukaa kwenye moshi wangu," alisema. Mama alimwambia asubiri mvua ziishe. Akasema hasubiri. Mama akamwambia ni mbishi kama punda. Akasema punda ana miguu minne, yeye anao mmoja na nusu, kwa hiyo anastahili ubishi mara mbili. Tulicheka sote watatu, na nilipocheka niliona mama amegeukia pembeni, anajifuta macho.

Sijui wazo lile lilimjia lini. Najua tu kwamba kwa siku kadhaa alinituma kukata majani ya kufukizia kwenye vilima vya upande wa kijiji cha Ndama, mizigo na mizigo, nikayaanika chini ya paa la kibanda. Nilipomuuliza ya nini yote hayo, na vyanzi ni vitatu tu, alinijibu kwa upole, kama mtu anayesema jambo linaloonekana wazi.

"Nyumba nayo ni chombo. Chombo kikioza si kinafukizwa?"

Mwenye nyumba alikuwa na safari ya kwenda Kanoni kwenye kahawa yake. Asubuhi alipoondoka, mama aliniambia: "Mpeleke baba yako kwa dresa. Msirudi upesi. Mkae juani." Siku ile jua lilikuwepo, la kuazima. Tulikaa kwenye ukingo wa njia baada ya dawa, baba ameunyoosha mguu, akiniuliza maswali kuhusu mbingu kama nilivyofundishwa kwenye dini, nami najibu kwa kiburi. Ndipo tulipoona watu wanakimbia na ndoo.

Moshi mweupe ulikuwa unatoka chini ya bati pande zote nne, mzito, unateremka badala ya kupanda, unajikunja kwenye migomba. Watu walipiga kelele: nyumba inaungua! Mama alikuwa ameketi kizingitini, mgongo ameuegemeza mlangoni, nguo amejitanda kichwani, mikono juu ya magoti. Mipasuko yote ya mlango ilikuwa imezibwa kwa udongo.

"Haiungui," aliwaambia. "Inafukizwa."

Hakuna aliyemwelewa. Mwanamke mmoja alimmwagia maji miguuni, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na mama hakusogea. Alikaa pale mpaka alipoona imetosha, kama anavyojua chombo kimetosha, kwa pua. Kisha akafungua mlango, akaingia ameziba mdomo, akang'oa vijiti vya madirisha na kuyasukuma yote mawili. Loo, moshi ule! Ulitoka kama kundi linalotoka zizini. Tulisimama nje sote, majirani na ndoo zao, tukikohoa ndani ya harufu ya nyumbani kwetu.

Mchana tulipoingia, kuta zilikuwa za rangi ya asali. Hapakuwa na weupe, hapakuwa na madoa, hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nilitegemea baba ahuzunike. Yeye alikuwa amesimama katikati ya chumba, amefumba macho, anavuta pumzi kwa pua. Mama alishusha chanzi kilichoning'inia humo wakati wote wa moshi, akatia maziwa ya asubuhi. Baba alikunywa amesimama. Alikunywa dirisha likiwa wazi, na watu wamejaa njiani wanaangalia. Mama alijifunika uso. Baba akafuta mdomo, akamnyooshea chombo kitupu. "Yapo mengine?" alisema.

Hadi leo sijui kilichotuponya ni moshi au ni madirisha, maana harufu ya moshi ilikaa siku nyingi na mama hakuyafunga tena. Upepo uliingia ukatoka, na ukuta wa nyuma ukaanza kukauka kutoka juu kwenda chini. Mjukuu wangu aliyesoma anasema ni madirisha. Ningemwambia hivyo mama angenicheka.

Lakini kabla ya hayo mwenye nyumba alirudi kutoka Kanoni, akiwa ameshaambiwa njiani kwamba nyumba yake ni jivu. Alipoikuta imesimama alifurahi muda wa kupiga chafya. Kisha akaona kuta. Bwana yule alipokasirika sana aliacha Kihaya na kupanda kwenye Kiswahili, lugha ya amri, na sasa alipanda hadi kileleni.

"Tokeni! Kesho asubuhi sitaki kuona hata mkia wa ng'ombe hapa! Nimewapa nyumba mmeifanya tanuri! Tokeni, na huyo mgonjwa wenu!"

Mama alinigeukia, na baba akanigeukia. Ndipo nikaelewa kwamba tukiondoka kesho, mguu umekwenda, na kwamba mwisho wa nyumba ile ndio mwisho wa baba ninayemjua. Nikafanya nilichozoea kufanya.

"Anasema kuta zimeharibika," nilisema. "Anasikitika kidogo."

Baba aliniwekea mkono kichwani. "Pumzika, mwanangu," aliniambia. Kisha akamgeukia yule bwana na kusema kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha mnadani, kifupi, cha kuokoteza, lakini kila neno lilisimama.

"Bwana, mimi siondoki. Ukuta nitapaka mimi, mpya, mweupe. Dresa amesema mguu huu watakata, kama mimi sikula, kama mimi nalala majini. Leo nimekula. Niache mvua hizi tu."

Yule bwana aliangalia mguu, nadhani kwa mara ya kwanza. Aliondoka bila kuaga, na kesho yake asubuhi tulimsikia nyuma ya nyumba na koleo, anahamisha samadi, akinung'unika kwa Kihaya kwamba amepangisha wachawi.

Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kile Kiswahili cha baba. Asubuhi njiani kwenda kwa dresa, baba ameniegemea kama kawaida, nilishindwa kuendelea, nikakaa kwenye majani nikaangua kilio.

"Baba, ulielewa siku ile?"

"Ng'ombe nimeuza mnadani tangu sina ndevu," alisema. "Kukata ni neno la kwanza walilonifundisha."

"Mbona hukusema?"

Alishuka kwa taabu, akakaa karibu nami, mguu mbele.

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa sana, mwanangu. Ndiyo maana nilitaka kwenda nyumbani. Si maziwa. Nilitaka kufa ninao wote miwili. Na wewe ulikuwa unanificha vizuri hivi, nikaona nikae humohumo ulimonificha."

Sikuwahi kumsikia mwanamume akisema ameogopa. Nikampa bega ainuke.

Nyama iliota. Ilianza kwenye kingo, nyekundu, kisha ya rangi ya waridi. Kila asubuhi dresa alipima kwa vidole vyake vikubwa na kila asubuhi nilitafsiri neno kwa neno, zuri na baya, sikuacha hata moja. Baba alikunywa maziwa dirishani mpaka wateja wa duka wakamzoea. Mvua zilipungua. Ilikuja siku ambayo ukungu haukushuka kabisa, tukaenda na kurudi miguu ikiwa mikavu.

Siku ya mwisho dresa alifungua kitambaa, akabonyeza, akaupindisha mguu huku na huku. Kisha akakitupa kitambaa kwenye ndoo na hakuchukua kingine.

"Kimefunga," alisema. "Hakuna kukata. Nendeni kwenu."

Niliona baba amesikia. Niliona neno linamwingia, vidole vimeshika ubao wa benchi. Alikuwa ameelewa kila kitu, na dresa alijua kwamba ameelewa. Lakini alinigeukia mimi, akanisubiri, na macho yake yamejaa maji.

"Anasemaje?" aliniuliza.